Naomi Tupokigwe, Aliyetaka Wachimba Mafuta Wabishe Hodi

Naomi Tupokigwe alikuwa binti wa Anyosisye Mwakabungu, yule aliyechimba mtaro wa kutoa maji katika bonde letu hapa Ngonga, ambao hadi leo mvua ikizidi watu wananufaika nao bila kujua ni jasho la nani. Anyosisye alikuwa mwana wa Mwakabungu, ambaye mwaka wa mafuriko makubwa alivusha watoto wa jirani yake Mto Mbaka, kisha akarudi kumvusha na jirani mwenyewe, ingawa walikuwa hawasalimiani. Mama yake Naomi, Tusekile, ndiye aliyewafundisha wanawake wengi wa huku kupandikiza mpunga kwa mstari. Naomi naye akaongeza la kwake. Kwa ajili yake kijiji hiki kina sheria inayosema kwamba mtu asichimbe mafuta wala gesi katika bonde letu mpaka kwanza aje mbele ya mkutano mkuu, aulizwe, ajibu, na watu wakubali. Ndugu waombolezaji, huyo ndiye tunayemzika leo Ijumaa, na ninaomba msione haya kucheka pale pa kucheka. Yeye mwenyewe angeanza.

Alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1952, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Mvua ya siku hiyo ilikuwa nyingi kiasi kwamba mkunga aliletwa kwa mtumbwi katikati ya mashamba. Baba alipoambiwa ni mtoto wa kike na kwamba analia kwa nguvu, alisema, "Mwacheni alie, na mto nao usikie." Mimi mdogo wake nilifuata miaka mitatu baadaye, kwa hiyo hayo nilisimuliwa. Mengine mengi nitakayosoma hapa niliyaona.

Alianza shule ya misheni mwaka 1960 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1967. Kiswahili alikikuta huko huko shuleni, kwa sababu nyumbani tulisema Kinyakyusa tu. Siku moja mwalimu aliwaagiza wasichana wakachote maji ya nyumbani kwake, na wavulana wakacheze mpira. Naomi akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo tulikubaliana lini?" Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamdondoka, kisha akamtuma yeye peke yake akachote ndoo mbili. Alizichota. Lakini wiki iliyofuata kulikuwa na zamu, na wavulana nao tuliwaona na ndoo kichwani.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Sylvester Mwasulama. Sylvester alikuwa mpole, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea katika kikombe, na nadhani ndiyo sababu walielewana, maana nafasi ya kusema ilibaki kwa mmoja. Ng'ombe wa mahari waliswagwa na mdogo wa bwana harusi, Wilson, ambaye wakati huo alikuwa barobaro anayependa kuonekana. Walipofika mbele ya wazee, ng'ombe mmoja alilala kwenye tope akakataa kunyanyuka. Wilson akavuta mkia, akasukuma ubavuni, akaishia kuanguka yeye. Bibi harusi hakutakiwa kuonekana siku ile, lakini sauti yake ilitoka dirishani: "Gwe Wilson, mwombe kwanza! Hata ng'ombe hapendi kuburutwa!" Wazee walicheka mpaka wakasahau kuhesabu wale ng'ombe waliobaki. Utani wa shemeji hawa wawili ulianzia hapo na haukupoa zaidi ya miaka hamsini. Mungu aliwajalia Naomi na Sylvester watoto watatu. Sylvester alitutangulia tarehe 2 Machi 2009, kwa utulivu ule ule alioishi nao.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Alilima mpunga bondeni, kakao na migomba nyumbani. Mchele wake aliupeleka sokoni Kyela kwa Tausi, mwenye duka, ambaye babu zake walitoka pwani. Biashara ikazaa udugu. Sikukuu ya Idi Naomi alikuwa jikoni kwa Tausi, na Krismasi Tausi alikuwa kwetu, akilalamika kwamba Wanyakyusa tunaionea huruma nazi. Wali mtakaokula leo umesimamiwa na Tausi, kwa hiyo msishangae.

Mwaka 1999 wananchi walimchagua kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wakaendelea kumrudisha kila uchaguzi. Hakupenda mikutano inayochelewa wala wajumbe wanaosema wote kwa pamoja. Mjumbe akimkatiza mwenzake, Naomi alimwambia, "Subiri, baba, chakula ni kingi, kitakufikia."

Sasa nifike kwenye mambo ya mafuta, ambayo ndiyo yaliyomfanya ajulikane hata na watu wasiowahi kuonja mchele wake.

Mwezi Mei mwaka 2022, tukiwa kwenye mavuno, Naomi alikuta kigingi chenye utepe mwekundu katikati ya jaruba lake. Hakuking'oa. Alivuna mpunga pande zote, akakiacha kimesimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Kisha akaenda ofisi ya kijiji kumwona mtendaji wetu, Godwin.

"Mwanangu, nani huyu kaingia bondeni bila kubisha hodi?"

"Mama, hiyo ni kampuni inayotafuta mafuta. Wanataka kuchimba kisima cha majaribio karibu na mtaro. Mafuta ni mali ya taifa."

"Sawa, ya taifa. Na mpunga ulio juu yake?"

Jibu la hilo Godwin alikwenda kulitafuta, na kwa hilo tunamshukuru mbele yenu. Alimleta mwanasheria wa halmashauri ya wilaya, naye akatueleza kwa lugha tunayoielewa. Kwamba mafuta yaliyo chini ni ya Watanzania wote, na kijiji hakiwezi kuyafungia kabatini. Lakini ardhi ya juu ni ya kijiji, na sheria ya nchi imekipa kijiji uwezo wa kupanga sehemu hii iwe ya mpunga, ile ya visima vya maji, ile ya makaburi, na kuweka sheria ndogo ya kuzilinda. Mkutano mkuu ukipitisha na baraza la madiwani likithibitisha, kila anayeingia atapaswa kuifuata. Bila mkutano wenye akidi, hakuna sheria. Na kampuni ilikwisha sema italeta mitambo mwezi Oktoba, kabla ya mvua.

Basi hapo ndipo jambo lilipokuwa. Bonde lile ndilo linalotulisha. Mtaro ule ukizibwa au maji yake yakiharibika, hakuna wa kumfuata na kumwambia rudisha. Tulikuwa na miezi michache ya kufanya mkutano mmoja.

Mkutano wa kwanza ulipangwa Alhamisi tarehe 14 Julai 2022. Asubuhi ile akafa bibi mmoja wa kitongoji cha juu. Nyote mnajua desturi zetu. Pakiwa na msiba, jembe haliinuliwi, soko halinogi, na mtu akienda kwingine atasemwa mpaka naye afe. Ofisi ya kijiji ilibaki na Godwin na mwenyekiti. Mkutano wa pili ukapangwa Alhamisi tarehe 4 Agosti. Akafa mzee wa kitongoji cha chini. Safari hiyo kampuni ilikuwa imemtuma kijana wao, mstaarabu kabisa, aje kusikiliza. Akakuta viti vitupu na mbuzi. Godwin akamweleza kwamba hata mkutano wa kwanza uliangukia msiba. Alipomwona Naomi akipita na beseni la mchele kichwani kuelekea msibani, alimuuliza, "Mama, huku watu wanakufa kila Alhamisi?"

"Hapana, mwanangu. Wanakufa siku zote. Alhamisi ndiyo unayokuja wewe."

Yule kijana alicheka, akambebea beseni, wakaenda wote kuzika. Lakini kucheka hakukuondoa vigingi. Agosti ilikuwa inakwisha, na wengine walikwisha anza kusema kwamba kukaa kimya ni kukubali.

Naomi akawaza, na wazo lenyewe lilimjia msibani. Katikati ya mwezi ule alifariki Mzee Yakobo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wetu wa kijiji kwa miaka mingi. Siku ya maziko watu walijaa mpaka kwenye kakao. Naomi akaniambia pembeni, "Unaona? Akidi hii hapa. Sisi mkutanoni hatuji, msibani tunakuja. Tumekuwa tukiuweka mkutano ushindane na msiba. Nani alishawahi kushindana na msiba akashinda?"

Arobaini ya Mzee Yakobo ilikuwa iangukie Jumamosi tarehe 24 Septemba. Naomi akaenda kwa mjane wake, Mama Lucy, ambaye leo yuko hapa nasi. Alikwenda kwa heshima, akaketi chini, akasema shida yake.

Mama Lucy akauliza, "Yakobo alikosa mkutano gani wa kijiji?"

"Hakukosa hata mmoja, dada."

"Basi na huu asikose. Ila watu wale kwanza. Mtu mwenye njaa hunyoosha mkono ili aondoke."

Aliyekuwa na wasiwasi ni Godwin. "Mama, mkutano wa serikali kwenye matanga? Wilayani watanielewaje?"

"Wewe bandika tangazo mapema kama inavyotakiwa. Sheria inataka siku, saa na mahali. Haijakataza watu wawe wameshiba."

Siku ikafika. Ibada ikafanyika, kaburi likawekewa maua, watu wakala. Saa nane mchana mchungaji akafunga kwa sala, akavua joho lake, akaenda kuketi kama mwanakijiji. Mwenyekiti akachukua nafasi yake, na mkutano mkuu ukafunguliwa papo hapo nyumbani kwa Mzee Yakobo, akidi ikiwa imetimia na kumwagikia barabarani.

Wa kwanza kusimama kupinga alikuwa shemeji yake, Wilson. Na alipinga kweli kweli, si kwa utani. "Vijana wetu wanaondoka. Mmoja yuko Tunduma, mmoja Mbeya, mwingine hata hatujui yuko wapi. Leo kazi inakuja yenyewe mpaka mlangoni, shemeji anataka tuifungie mlango. Mpunga tumelima tangu mababu. Nani hapa ametajirika?"

Watu wakanong'ona, maana alisema lililokuwa mioyoni mwa wengi. Naomi akasimama na kitenge chake begani.

"Shemeji, sijasema mlango ufungwe. Nimesema mtu abishe hodi. Wewe hata choo hukuchimba bila kuniuliza, kwa sababu kisima changu kiko jirani. Je, uliniuliza au hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Nikakukatalia?"

"Ulinisogeza."

"Na choo unacho?"

"Ninacho," Wilson akasema, na watu wakaangua kicheko. Lakini hakuketi. "Sawa. Wabishe hodi, wasogezwe. Halafu tukishakubaliana, hizo kazi watapewa nani? Hilo katika sheria yako liko wapi?"

Halikuwemo. Nilimjua dada yangu, hakuwa mtu wa kuficha anapopatikana. Akageuka kwa Godwin akasema, "Mtendaji, andika. Siku kijiji kikikubali, kazi zinazowezekana wapewe kwanza watoto wa hapa. Hicho kiitwe kifungu cha Wilson."

Wakaendelea hivyo karibu mchana wote. Wilson anauliza, Naomi anajibu, na pale asipokuwa na jibu sheria inaongezwa. Je, umbali gani na nyumba? Je, na makaburi? Maji yakichafuka nani atakayeleta mengine, na kwa muda gani? Kijana wa kampuni alikuwepo tangu ibada, naye alikuwa akiandika. Mwishowe mikono ikanyooshwa. Waliokubali walikuwa msitu. Waliokataa walikuwa wachache, na mkono wa Wilson ulikuwa juu kuliko yote. Alikuwa amejenga nusu ya sheria na bado akaipigia kura ya hapana.

Naomi alikwenda mwenyewe jikoni, akapakua sahani ya wali na paja la kuku, akampelekea. "Amepinga vizuri," akasema, "ale vizuri."

Kampuni ilikubali kungoja. Baraza la madiwani lilithibitisha sheria ndogo mwezi Februari 2023. Mwezi wa nne watu wa kampuni walikuja mbele ya mkutano mkuu, kwa hodi, wakaulizwa maswali yale yale ya Wilson. Mengine walijibu, mengine wakaomba muda wakayafanyie kazi. Walipoondoka waling'oa vigingi vyao wenyewe. Hatujui kama watarudi. Wakirudi, mlango wanaujua. Mwaka huo Naomi alivuna jaruba lile lote bila kuzunguka kitu, na gunia la kwanza alilipeleka kwa Mama Lucy.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo mwishoni mwa mwaka 2024. Moyo ulichoka, miguu ikavimba. Alitibiwa hospitali ya hapa Kyela na baadaye Mbeya, na madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo. Binti yake Nancy, ambaye ni muuguzi, alimwambia asile chumvi. Alitii mbele ya Nancy. Mwezi Mei mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani aone mpunga ukivunwa, akawekewa kiti uani. Wapita njia walimsalimu kwa mbali na yeye akawajibu kwa majina yao yote, na majina ya baba zao. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alikunywa uji, akamwambia mkwe wake "Ndaga fijo", yaani asante sana, akafumba macho. Tulidhani anasinzia.

Ameacha watoto watatu, Eliya aliyeko Mbeya, Nancy na Aliko walioko hapa Kyela. Wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Ameacha mdogo wake, mimi Felista ninayesoma. Shemeji yake Wilson. Dada yake wa sokoni Tausi na familia yake. Na kijiji kizima kinachojua kunyoosha mkono. Familia inawashukuru wote mliomuuguza, mliokesha nasi na mliochimba kaburi. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, na sisi tunasema alitupatia mtu hasa. Alale kwa utulivu dada yetu, katika udongo alioupigania.

Limebaki jambo moja. Aliagiza nilisome mwisho, mbele ya watu wote, ili mhusika asipate pa kukimbilia.

Wiki mbili kabla hajafariki, wazee wawili na mama mmoja walifika kwa bajaji kutoka Matema. Huko ufukweni mwa ziwa nako wamesikia habari za kuchimba, na wanataka nao kuweka sheria yao, kulinda maji wanakovua na mashamba yao chini ya milima. Mkutano wao mkuu ni Jumatano tarehe 18 Juni. Walimwomba Naomi akaseme nao. Aliwaambia, "Mtu atakuja." Walipoondoka akamwita Wilson, na mimi nilikuwepo nikikunja nguo.

"Shemeji, Matema utakwenda wewe."

"Mimi? Mimi niliyekupinga mbele ya kijiji kizima?"

"Ndiyo maana. Mimi nikienda watanipigia makofi tu, na makofi si sheria."

"Nikaseme nini sasa? Mpaka leo kura yangu ni hapana."

"Usiwaambie la kufanya. Kaa nao, uwaulize yote uliyoniuliza mimi. La kazi, la maji, la umbali, yote. Pale watakapokwama, waandike."

Wilson akakuna kichwa. "Na wakikubali tu? Wakisema sawa mzee, tumekuelewa?"

"Wakikubali bila kubishana nawe hata kidogo," Naomi akasema, "bado hawajaielewa. Ulale huko huko Matema, na asubuhi uanze upya."